Homoni na Saratani ya Matiti: Swali la Kumuuliza Daktari

Leo tuzungumze kuhusu homoni na saratani ya matiti.

Homoni ni kama mjumbe. Hutengenezwa sehemu moja ya mwili, ikasafiri kwa damu hadi nyingine. Estrojeni ndiyo inayomkuza msichana matiti anapobaleghe. Lakini ziko saratani za matiti ambazo hukua kwa kuchochewa na homoni hiyo hiyo.

Zamani, wanawake ambao saratani yao imeenea walitolewa ovari, yaani mifuko ya mayai, ili kuinyima saratani homoni. Takriban mmoja kati ya watatu alipata nafuu. Wengine walipasuliwa bure, kwani hakuna aliyeweza kujua mapema nani angefaidika.

Mwanasayansi Elwood Jensen, wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, alilifanyia kazi swali hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliitia estrojeni alama ya mnururisho, akaifuatilia ndani ya panya. Aliona inabaki kwenye tumbo la uzazi, lakini kwenye misuli inapita tu. Sababu ni kwamba baadhi ya seli zina vipokezi: kipokezi ni kufuli, estrojeni ni ufunguo wake. Baadaye alionyesha kuwa kinyama cha uvimbe kikipimwa vipokezi hivyo, daktari hujua ni nani atakayefaa kutibiwa kwa njia ya homoni. Alipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2004, akafariki mwaka 2012.

Je, sisi huku? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa saratani nyingi za matiti za wanawake wa Kiafrika hazina vipokezi. Dkt. Shahin Sayed, mtaalamu wa patholojia wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, alipima na wenzake vinyama vya wagonjwa wa Kenya. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha kuwa takriban 7 kati ya 10 walikuwa na vipokezi vya estrojeni.

Kwa hivyo, mama, shika haya:

1. Ukihisi donge kwenye titi, usingoje liume. Nenda hospitali.

2. Kinyama kikikatwa na kuonekana saratani, uliza: "Vipokezi vya homoni vimepimwa?"

3. Vikiwapo, huenda ukapewa vidonge vya tamoksifeni, ambavyo huziba tundu la kufuli. Humezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Vikimezwa miaka 5, hupunguza hatari ya kufa kwa saratani hiyo kwa takriban theluthi moja. Kujisikia vizuri si sababu ya kuacha.

4. Usimpe jirani vidonge vyako, wala usishike mimba ukivitumia. Ukitokwa na damu isiyo ya kawaida ukeni, au mguu mmoja ukivimba, mwone daktari upesi.