Kusoma Kompyuta Huku Unafanya Kazi

Zamani mfanyakazi aliyetaka kujiendeleza alisoma kwa njia ya posta. Alipelekewa masomo, akajibu maswali, akarudisha majibu, kisha akangoja. Siku hizi masomo mengi huja kwa intaneti. Moja ni somo la kutunga programu za kompyuta la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Linaitwa CS50, na mwalimu wake ni David Malan. Tangu mwaka 2012 watu wa nchi nyingi wamelisoma kwa intaneti bila karo. Lakini lugha ni Kiingereza, na bando unanunua mwenyewe.

Programu ni nini? Ni maagizo yanayoandikwa ili kompyuta iyafuate. Ukimwambia mtoto, "Kachote maji," yeye anajua kuchukua ndoo. Kompyuta haijui. Lazima uiambie ichukue ndoo, iende kisimani, ijaze, irudi. Ukisahau kuiambia iache kujaza, itajaza mpaka kesho.

Somo huanza kama mchezo. Mwanafunzi hupanga maagizo kama matofali katika lugha iitwayo Scratch. Baadaye huja lugha iitwayo C, na hapo ndipo jasho huanza. Zoezi moja la mwanzo ni kuchora ngazi kwa alama hii: #. Linaonekana jepesi. Lakini katika C, ukisahau nukta mkato (;) moja tu, programu nzima hukataa. Mtu mgeni aweza kulitafuta kosa hilo nusu ya usiku.

Zoezi moja laweza kula saa kumi au zaidi. Je, mfanyakazi atazipata wapi? Hebu tufanye hesabu. Wiki ina saa 168. Toa saa 45 za kazi. Toa saa 49 za usingizi, yaani saa 7 kila siku. Toa saa 12 za kwenda na kurudi kazini. Zinabaki 62. Utasema ni nyingi! Lakini zimekatika vipande vipande: kupika, kufua, watoto, wageni, msiba, umeme kuzimika.

Kumsikiliza mwalimu kunawezekana kwa vipande, hata wakati wa chakula cha mchana. Zoezi halikubali hivyo. Anayetunga programu hubeba mambo mengi kichwani kwa pamoja. Akiitwa mara moja tu, yote humwagika, naye huanza kuokota upya. Kwa hiyo anahitaji saa mbili zisizokatwa. Mimi naona alfajiri ni bora kuliko usiku, kwani mtu aliyechoka huondoa kosa moja akatia mawili. Tena awaambie watu wa nyumbani mapema. Mke anayemwona mumewe ameinamia kompyuta saa kumi na moja alfajiri, bila kuelezwa, atawaza mengine.

Majibu ya mazoezi yamejaa kwenye intaneti, na mtu mwenye haraka hushawishika kuyanakili. Chuo kinakataza. Wiki inayofuata huanzia pale alipotakiwa kufika, na aliyenakili hajafika.

Wengi huanza, wachache humaliza. Anayefika mwisho hutunga programu yake mwenyewe, kwa jambo alilolichagua. Mwenye duka, kwa mfano, aweza kutunga daftari la madeni, linalojumlisha lenyewe na kumwonyesha nani hajalipa tangu mwezi uliopita.