Ile mashine ya Wajapani

Tangu Mei 2021, wateja wangu wa Himbi na Katindo, mjini Goma, wana swali jipya. Zamani mtu alikuja na kiwanja chake akiuliza etaji ngapi na mifuko mingapi ya saruji. Sasa ananionyesha video kwenye simu: “Injenieri, hatuwezi kupata ile mashine ya Wajapani inayozuia nyumba isitikisike?”

Hawaulizi bure. Volkano ya Nyiragongo ililipuka tarehe 22 mwezi ule, na lava ilipokwisha kusimama ardhi yenyewe ikakataa kutulia. Magma ilikuwa ikipenya chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu, na kwa siku kadhaa matetemeko yalifuatana, kuta zikapasuka kwetu na ng’ambo ya mpaka, Gisenyi. Tarehe 27 wakaaji wa mitaa 10 kati ya 18 ya Goma wakaamriwa kuhama.

Mashine ipo. Jengo la kwanza kuwekewa ni Kyobashi Seiwa la Tokyo, mwaka 1989: etaji 11, jembamba ajabu, upana wake mita 4 tu hivi. Kampuni ya Kajima iliweka juu kabisa mizigo miwili ya chuma, mmoja wa tani 4, mwingine wa tani 1. Vipimio vilivyotegwa ndani ya jengo husoma mtikisiko, kompyuta hupiga hesabu papo hapo, kisha mitambo inayosukumwa na mafuta huuhamisha mzigo ili uvute jengo kinyume cha linakokwenda. Mvuvi wa Kivu hufanya hivyo hivyo mtumbwi ukilalia upande mmoja: hutupa mwili wake upande wa pili. Jengo zima lina tani 400 hivi, nalo linatulizwa na mizigo ya asilimia moja hivi ya uzito wake. Mimi hilo bado linanishangaza.

Hapo mteja hutabasamu, nami naanza kumharibia furaha. Mtambo ule ulikusudiwa upepo mkali na matetemeko ya wastani. Tetemeko kubwa hubebwa na nguzo na mihimili, Tokyo kama kwingineko. Amri ya kompyuta ikichelewa, mzigo unaweza kusukuma upande uleule jengo linakoelekea, ukazidisha balaa. Tena unataka umeme mwingi katika dakika ileile ambayo nyaya hukatika. Goma umeme hauhitaji tetemeko ili ukatike.

Ndiyo maana wengine hawautegemei. Lile tufe la tani 660 la mnara wa Taipei 101 halina kompyuta ya kuliamuru. Linaning’inia tu na kuyumba kinyume cha mnara. Lakini mnara huyumba polepole, sekunde kadhaa kwenda na kurudi. Nyumba ya etaji nne ya Himbi hutetemeka upesi, chini ya nusu sekunde, na tufe la namna hiyo halina kazi pale.

Kinachonivutia ni njia ya katikati. Mwaka 1998 Kajima hao hao waliweka vizuia-mtikisiko 8 vya mafuta katika jengo lao la Shizuoka, la etaji tano, kimo tunachokijenga hata sisi. Kompyuta haisukumi chochote; inafungua na kufunga vali, mafuta yapite kwa shida au kwa urahisi. Kila kimoja huzuia nguvu ya tani 100 hivi kwa umeme wa wati 70, ambao hata betri ya sola inaumudu. Bei na fundi wa kukitunza ni habari nyingine. Sijamshauri mteja yeyote akinunue.

Ninachomshauri kwanza ni kupunguza uzito, kwa kuwa tetemeko huivuta nyumba kwa kadiri ya uzito wake. Zile nyumba za mbao zilizosimamishwa juu ya lava ya mlipuko wa 2002, ambazo wenye etaji huzidharau, zina faida hiyo: ni nyepesi, na misumari yake hukubali kupinda. Ukuta mzito wa mawe usiofungwa ndio unaoua.

Basi ukijenga kwa matofali, hakikisha kuna mkanda wa beto wenye vyuma unaozunguka kuta zote, na vyuma vya nguzo viingie ndani ya mihimili, visiishie njiani. Fundi akitaka kumwaga beto kabla hujaviona, mzuie. Panda mwenyewe, vipige picha, umwonyeshe mtu anayejua; beto ikishafunika, hakuna atakayeviona tena.