Sherehe Iliyotangulia Hadithi

Mwanzoni mwa likizo ya Agosti, miaka kadhaa iliyopita, shemeji yangu aliwasili kutoka London na kasha la diski za DVD alilolificha katikati ya nguo zake. Lilikuwa na tamthilia ya upelelezi, msimu mmoja mzima wenye sehemu 22, na alilileta kuwa zawadi kwa binti yangu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka 16 na akisoma katika shule ya bweni. Deki yetu ilizikataa diski hizo papo hapo. Watengenezaji wa DVD waliigawa dunia katika kanda, Uingereza ikawekwa katika kanda ya 2 na Kenya katika kanda ya 5, na diski ya kanda moja haikukusudiwa kuchezwa katika deki ya kanda nyingine. Akaitwa fundi wa mtaani, akabonyeza tarakimu fulani kwenye rimoti, akanywa kahawa yake, na deki ikasalimu amri.

Tukapatana, mimi na binti yangu na mama yake, kwamba kila usiku baada ya chakula tutatazama sehemu mbili, si zaidi. Kisha runinga huzimwa, na hapo ndipo raha yenyewe ilipoanza, kwani kila mmoja alitakiwa aseme ni nani anayemshuku na kwa nini. Binti yangu alikuwa na daftari la kuandikia madai yetu ili asiwepo wa kuyakana kesho yake. Yeye alimpenda mno msaidizi wa mkaguzi, mzee mpole mwenye kutia watu chai na kuuliza hali za watoto wao. Mama yake alimshuku huyo huyo tangu usiku wa kwanza, kwa hoja kwamba mtu mwenye upole wa namna ile lazima anaficha jambo. Mimi nilikuwa upande wa binti yangu. Mtoto wa bweni huja nyumbani mara tatu kwa mwaka, na baba hujikuta hajui la kumuuliza zaidi ya masomo na alama. Lile daftari lilinipa njia ya kuzungumza naye.

Usiku wa pili nilisinzia katikati ya sehemu ya tatu. Kesho yake adhuhuri, nyumba ikiwa tupu, nikairejesha diski ile ili nifidie nilichokikosa. Katika menyu nikaona mstari usemao kwamba sehemu hiyo yaweza kutazamwa pamoja na maelezo ya watayarishaji. Msomaji anielewe: mimi nimelelewa katika vitabu ambavyo matini ni maneno machache, sharhi imeyazunguka, na hashiya imejaa pembezoni hata hakuna pa kuweka kidole. Mtu aliyesoma hivyo hawezi kuiona ahadi ya sharhi akapita njia yake. Nikabonyeza.

Haikutimia robo saa. Mwigizaji wa yule mzee mpole, akizungumza na mwongozaji wake, alisema huku akicheka kwamba siku ya kupiga picha ya tukio lile yeye mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa kuwa ndiye muuaji. Nikazima. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na bado zilikuwa zimesalia sehemu 19.

Tuna neno la Kiswahili linalokifaa kitu hiki kuliko maneno marefu ya kukopa. Mwishoni mwa diwani na riwaya zetu huwekwa sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, na neno hilo asili yake ni hiyo hiyo sharhi ya Kiarabu. Basi maelezo ya kwenye DVD nitayaita sherehe, nikitaraji msomaji hatafikiri nazungumzia harusi. Kufanya kazi kwake ni jambo jepesi. Picha ni moja, lakini diski ya DVD yaweza kubeba hadi mikondo minane ya sauti, nawe huchagua usikie upi. Mkondo mmoja huwa ni sauti ya mchezo wenyewe, mwingine huenda ukawa lugha nyingine, na mwingine ni watu walioketi studioni wakiitazama picha ile ile unayoitazama wewe, wakaizungumzia. Hata kabla ya DVD kulikuwapo santuri kubwa za leza zenye upana wa sentimita 30, na mwaka 1984 kampuni ya Criterion iliitoa filamu ya King Kong ya mwaka 1933 kwa santuri za namna hiyo, mwanahistoria wa filamu Ronald Haver akiisherehesha kwenye mkondo wa pili. DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, na Marekani mwaka uliofuata, desturi hiyo ikaenea hata kwa tamthilia za televisheni. Ziko pia sherehe za maandishi zipitazo chini ya picha, kama zile walizoziandika Michael na Denise Okuda kwa DVD za Star Trek.

Filamu moja haina dhara kubwa. Saa mbili zimekwisha, unarudi mwanzo, unasikiliza. Tamthilia ndiyo yenye mtego, na mtego wake umo katika tarehe. Kasha la msimu huuzwa baada ya msimu kwisha kuonyeshwa, na mara nyingine baada ya misimu yote kwisha. Kwa hiyo anayeisherehesha sehemu ya kwanza ni mtu aliyekwisha kuifikia ya mwisho. Hana nia mbaya. Kwake yeye safari imekwisha, na anaisimulia kama msafiri aliyerudi, huku wewe ndiyo kwanza unafunga mizigo.

Chukua mfano wa Babylon 5, tamthilia ya Kimarekani ya mambo ya anga. Mtungaji wake, J. Michael Straczynski, alikusudia tangu awali hadithi moja ya miaka mitano yenye mwanzo, kati na mwisho, na katika sehemu 110 aliandika 92 kwa mkono wake mwenyewe. Msimu wa kwanza ulianza kuonyeshwa mwaka 1994 na wa mwisho ukamalizika mwaka 1998, ilhali kasha la DVD la msimu wa kwanza lilitoka mwaka 2002. Mtungaji aliposherehesha sehemu za msimu huo alikuwa anaijua kila mbegu imeota wapi, na utamu wa sherehe ya mtu kama huyo ni kuonyesha mbegu. Asipotaja mti, atasema nini?

Ronald D. Moore alishika njia tofauti katika Battlestar Galactica. Kuanzia mwaka 2005 alikuwa akirekodi sherehe za tamthilia hiyo na kuzitoa kwa njia ya intaneti wakati ule ule ilipokuwa ikionyeshwa Marekani, mtu akiitazama sehemu ya wiki hiyo huku akimsikiliza. Alikuwa anazungumza na watu anaojua kwamba hawajaiona sehemu inayofuata, na mwenye kujua anayezungumza na asiyejua huuchunga ulimi. Ndiyo maana nasema kabla ya kubonyeza, tazama nyuma ya kasha mwaka uliochapishwa, uulinganishe na mwaka tamthilia ilipoanza kuonyeshwa. Ukiona miaka mingi katikati, iache sherehe mpaka misimu yote iishe, si huo mmoja tu. Na wakiwamo waigizaji miongoni mwa wasemaji, jihadhari zaidi. Waandishi huwa na hadhari kidogo, lakini waigizaji wakikutana huwa kama wanafunzi wa zamani, hawachelewi kufika kwenye kisa cha siku ya mwisho.

Kuna waliosema kwamba hofu hii yote haina msingi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld, walichapisha utafiti ambamo watu walipewa hadithi fupi, baadhi wakiwa wametobolewa mwisho wake mapema. Ikaonekana kwamba waliotobolewa walizifurahia zaidi. Silikatai jambo hilo. Bibi yangu alitusimulia hadithi zile zile miaka na miaka. Alipoita paukwa tukaitika pakawa, tulikuwa tunaujua mwisho kuliko tulivyoyajua majina ya majirani, na bado tulitetemeka pale pale pa kutetemeka. Lakini namkumbuka pia binamu yangu mmoja aliyeropoka mwisho wa hadithi mbele ya mtoto mgeni, na bibi akanyamaza, akaitwaa taa, akaenda kulala. Sisi wengine hatukupoteza kitu kwa kujua. Yule mgeni alipoteza, na bibi pia alipoteza, kwa kuwa furaha yake yeye ilikuwa kuutazama uso wa mtoto usiojua. Utafiti ule ulikuwa wa hadithi fupi, zisomwazo kwa kikao kimoja. Tamthilia itazamwayo na watu wa nyumba moja kwa wiki nzima au mwezi ni jambo jingine, kwani nusu ya hadithi iko kwenye mkeka, katika kubishana. London kuna mchezo wa jukwaani wa Agatha Christie, The Mousetrap, ulioanza mwaka 1952, na desturi yake ni kuwaomba watazamaji mwishoni wasiitoe siri nje. Wameombwa hivyo kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya watu wasiowajua.

Mimi wangu niliwajua, tena nililala nao chini ya paa moja. Usiku ule tuliketi kama kawaida. Binti yangu akafungua daftari, akaniuliza namshuku nani. Nikataja jina la mtu asiyehusika. Usiku uliofuata nikataja jina jingine. Kumtetea yule mzee kungekuwa uongo, na kumshuku kungekuwa wizi, kwa sababu hoja zangu zingekuwa si zangu. Nikaanza kusema kwamba nimechoka. Nikawa natazama saa. Mama yake akaniuliza kama mwili haunitaki. Usiku wa tano binti yangu alilifunga daftari bila kuandika, akanitazama.

"Baba, mbona siku hizi hubishani nami?"

Nikamweleza. Si jina, bali kwamba nimejua, na nimejuaje. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kumbe baba ulikuwa unanitazama mimi tu." Hakusema kwa ukali, ndiyo maana imenikaa.

Alilolipendekeza ndilo tulilolifanya. Mimi nikaondolewa katika wanaobashiri, nikapewa daftari niwe karani, niandike madai ya mama na mwana bila kutia neno wala kukunja uso. Sharti la kutokunja uso lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Rimoti ikawa mkononi mwake, na kabla ya kila sehemu alikagua mkondo wa sauti, kwa kuwa sherehe ikichaguliwa mara moja katika menyu, mara nyingi deki huendelea nayo hata kwa sehemu inayofuata ya diski hiyo hiyo, nawe ukastukia sauti za wageni juu ya picha usiyoijua. Alikataza pia kuacha menyu ikizunguka peke yake, maana nyuma yake hupita vipande vya picha za sehemu za mbele. Kijitabu kilichomo kashani, chenye muhtasari wa kila sehemu, akakifunga kwa mpira. Mimi nisingekumbuka hata moja katika hayo.

Usiku wa sehemu ya 22 mama yake alipiga kofi na kusema mliona, mliona. Binti yangu alilia kidogo kwa ajili ya yule mzee, kisha akanigeukia kuniuliza ilikuwaje kukaa na jambo lile usiku wote ule. Tukazungumza mpaka saa sita na nusu.

Zilibaki siku mbili shule ifunguliwe. Tukairudia sehemu ya tatu pamoja, safari hii na sherehe yake, na mwigizaji alipofika pale pa kucheka, alicheka naye. Kasha lile lingali kabatini. Juu yake kuna karatasi aliyoibandika kabla hajaondoka, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya yeyote atakayeliazima: SHEREHE NI BAADA YA SEHEMU YA 22. MUULIZENI BABA.