Dayodi Mbili za Pedali ya Bei Nafuu

Boss DS-1, ile pedali ya gitaa ya rangi ya chungwa, ilitoka Japani mwaka 1978 na mpaka leo bado inauzwa. Bei yake imebaki chini, na wapiga gitaa wasiofanana hata kidogo wameikanyaga, akiwamo Kurt Cobain wa Nirvana na Steve Vai. Vilevile ni mojawapo ya pedali zinazofunguliwa na kubadilishwa sana na mafundi. Robert Keeley wa Oklahoma, Marekani, alijijengea jina kwa kuzifanyia marekebisho pedali za aina hii, na Vai alikuwa miongoni mwa waliozitumia. Mpiga gitaa anayetamani fazi, ule mkwaruzo mzito unaonguruma na kung'ang'ania noti, hana haja ya kukimbilia pedali ya ghali. Kwanza aelewe ni kipuri gani kinachokata wimbi la sauti, kisha akiguse.

Sauti inayotoka kwenye gitaa ni wimbi dogo la umeme lenye vilele vya mviringo. Ndani ya DS-1 wimbi hilo linakuzwa kwa hatua mbili, kwanza na transista, halafu na IC. Likishakua linakutana na dayodi mbili zilizofungwa kwenda ethi, zikiwa zimegeuziana migongo. Kwenye bodi zimeandikwa D4 na D5. Dayodi ya silikoni huanza kupitisha umeme ukifika takriban volti 0.6. Kilele chochote kinachotaka kupita hapo, cha juu au cha chini, huishia ethi, na wimbi linatoka likiwa na vichwa bapa. Ubapa huo ndio unaozaa sauti nyingine juu ya noti ya asili, na sikio linazipokea kama mkwaruzo. Wimbi likikuzwa kupita kiasi na kukatwa kwa ghafla mpaka likaribie umbo la mraba, hapo tumefika kwenye fazi.

Sauti hii haikubuniwa na mtu mezani. Mwaka 1961 ulitoka wimbo wa Marty Robbins uitwao "Don't Worry", uliorekodiwa Nashville. Katikati yake gitaa la besi lililopigwa na Grady Martin linakoroma kwa namna ambayo haikuzoeleka, kwa sababu njia moja ya mtambo wa kurekodia ilikuwa imeharibika. Mhandisi wa sauti Glenn Snoddy hakuishia kuutengeneza mtambo. Alitafuta namna ya kuupata ubovu ule kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaingiza sokoni pedali ya Maestro Fuzz-Tone. Ndani yake mlikuwa na transista tatu za jemaniamu na betri mbili za volti 1.5. Miaka mitatu baadaye Keith Richards aliitumia kwenye "Satisfaction" ya Rolling Stones, na dunia nzima ikaisikia. Kwa hiyo fazi tangu mwanzo ni kasoro iliyosikilizwa vizuri, ikachaguliwa, kisha ikatengenezwa kwa vipuri vichache vya kawaida. Anayefungua pedali yake leo anaendeleza kazi ileile.

Pa kuanzia ni zile dayodi. Chomoa umeme na betri, fungua skrubu nne za kifuniko cha chini, kisha itafute D4 na D5. Dayodi ya silikoni ya kawaida, kama 1N4148, ni kijibomba cha kioo kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mstari mweusi upande mmoja. Tazama mistari ya hizo mbili imeelekea wapi na uipige picha kabla ya kugusa chochote. Pasha lehemu kwa muda mfupi tu, kwa sababu ukikawia njia ya shaba inabanduka kwenye bodi. Badala ya kulehemu dayodi mpya moja kwa moja, weka soketi ndogo, ili uweze kujaribu aina mbalimbali bila kuichoma bodi kila mara. Kama pedali yako ina vipuri vidogo vya kubandika juu ya bodi, mpelekee fundi simu mwenye mashine ya hewa ya moto. Kwake hiyo ni kazi ya kila siku.

Ukichomeka dayodi za jemaniamu, kikomo kinashuka hadi karibu volti 0.3. Wimbi linakatwa mapema, lakini kona zake si kali, kwa hiyo mkwaruzo unakuwa wa mviringo na sauti kwa jumla inapungua. Ukiweka LED nyekundu, kikomo kinapanda hadi karibu volti 1.7. Pedali inapaza sauti zaidi, noti inaitikia nguvu ya kidole, na ukikung'uta nyuzi gizani unaweza kuona LED zikiwaka kidogo. Ukiziondoa zote mbili, wimbi linakua mpaka IC yenyewe iishiwe na volti, na mkato unakuwa wa kikatili. Njia ninayoipenda kuliko zote ni ya kuzitofautisha, yaani silikoni upande mmoja na LED upande wa pili. Vichwa vya wimbi visipolingana, zinaongezeka sauti ambazo mkato wenye ulinganifu hauzitoi, ikiwamo oktavi ya juu ya noti, na mkwaruzo unapata uhai.

Hapa ndipo wengi wanapotoka njia. LED inatoa sauti kubwa zaidi, na sikio la binadamu hupendelea kilicho kikubwa. Kabla ya kuamua dayodi ipi ni nzuri, punguza sauti ya pedali hadi ilingane na ya awali, upige vilevile, kwa amplifaya ileile. Badilisha kipuri kimoja kwa wakati, na andika ulichoweka. Bila nidhamu hiyo utakuwa na pedali mpya pasipo kujua nini kimeifanya iwe hivyo.

Dayodi peke yake hazitoshi kufika kwenye fazi kamili. Waliobuni DS-1 walipunguza besi kabla ya mkato ili mkwaruzo usilegee. Fazi ya zamani haina uangalifu huo, na uzito wake umo humo. Kapasita zinazopitisha sauti kuelekea transista ni za mikrofaradi 0.047. Ukiweka za 0.1, besi inaingia kwa wingi na noti za chini zinavimba. Hatua ya ndani zaidi ni kuichezea rezista inayoamua transista itulie kwenye volti ngapi. Mahali pake pakiwekwa rezista ya kuzungusha, utaipata ile sauti ya betri inayokaribia kuisha, inayokwama, inayotema noti na kuzikata kabla ya wakati.

Kuna jambo mpiga gitaa wa kwetu anapaswa kulielewa. Mkato wa wimbi hauongezi sauti juu ya kila noti peke yake. Noti mbili zikiingia pamoja, huzaa pia sauti za jumla na za tofauti zao. Kodi yenye noti nyingi ikipita kwenye fazi inageuka tope. Muziki wa dansi wa Tanzania na Kongo umejengwa juu ya gitaa la solo na la ridhimu yanayopishana na kujibizana kwa noti zilizo wazi, na fazi ikiachiwa kwenye ridhimu inalifuta pambo hilo lote. Lakini noti moja moja inaimba. Majirani zetu wa Zambia walilithibitisha hilo miaka ya 1970, pale bendi kama WITCH na Amanaz, pamoja na Paul Ngozi, zilipoupa mkwaruzo nafasi ya mbele katika mtindo uliokuja kuitwa Zamrock. Solo ya dansi yenye fazi ya kiasi, huku ridhimu ikibaki safi, ni uwanja mpana ambao bado una nafasi ya watu wa kuulima.

Siwalaumu wanaonunua pedali za ghali. Nyingi zimetengenezwa kwa umakini na mikono yenye ujuzi. Ninachokataa ni imani kwamba sauti nzuri huja na bei. Dayodi zinazoamua tabia ya pedali ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye duka la umeme. Mpiga gitaa aliyejifunza kikomo cha wimbi kwenye DS-1 anaweza kuisoma saketi ya pedali ya Big Muff, akaelewa kwa nini pedali ya Fuzz Face ya jemaniamu hubadilika sauti jua likiwa kali, na akamweleza fundi anachokitaka kwa lugha ya fundi. Ujuzi huo unahama naye kutoka pedali moja hadi nyingine, na kwa mwanamuziki asiye na fedha nyingi una faida kuliko pedali yoyote iliyo sokoni.