Asilimia 93 ya Nini?

Swali huja na koti lile lile. Mwalimu wa skuli, kiongozi wa jumuiya ya vijana, au mzazi aliyechoka kumwita mwanawe chakulani, husimama na kuuliza: "Ikiwa asilimia 93 ya mawasiliano ni uso na sauti, na maneno ni asilimia saba tu, si ina maana vijana wetu wanaochati kutwa kucha wamebaki na hizo saba?" Ukumbi mzima hukubali kwa kichwa. Hesabu imekaa vizuri, na msemaji hukaa chini ameridhika. Ila namba hiyo, kwa maana hiyo, haijapata kuwepo.

Tuizike basi, na tuizike kwa utaratibu.

Mwaka 1967 Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alichapisha pamoja na wenzake majaribio mawili madogo. Katika la kwanza, watu walisikilizishwa maneno tisa, moja moja, yaliyorekodiwa kwa sauti za namna mbalimbali: mengine ya upole kama "ahsante", mengine makali, mengine hayana upande. Wakaulizwa msemaji anampenda au anamchukia anayeambiwa. Katika la pili neno lilikuwa moja tu, lenye maana ya "labda", likisemwa kwa sauti tatu huku msikilizaji akitazama uso wa mwanamke. Uso wenyewe ulikuwa kwenye picha. Baadaye matokeo ya majaribio haya mawili yaliunganishwa, ikatoka hesabu iliyozunguka dunia: maneno 7, sauti 38, uso 55.

Hakuna aliyepimwa akizungumza na mwenzake. Hapakuwa na sentensi, wala mikono, wala mkao wa mwili, ingawa wauza semina huiingiza mikono humo bila haya. Kilichoulizwa ni kitu kimoja chembamba: neno, sauti na uso vikipingana, msikilizaji huamini kipi kuhusu mapenzi au chuki ya msemaji? Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu yake haihusu mazungumzo ya kawaida, inamhusu tu mtu anapoeleza hisia na mwelekeo wake. Alieleza kwa maneno, na pengine ndiyo maana hawakumsikia.

Anayeona haya ni mabishano ya maprofesa na aende kwenye ndoa yoyote Konde, kisiwani Pemba. Walii ametamka, mashahidi wawili wako hapo, watu wametulia kwenye mkeka. Bwana harusi akitabasamu asilimia zake zote 55 na kukohoa nyingine 38, bila kusema amekubali, hajaoa. Au mbishi huyo amwambie jirani kwamba boti ya kesho imeahirishwa kwa sababu ya upepo, lakini atumie macho na sauti peke yake. Au ajiulize kwa nini Lufufu alipata kazi Tanzania na DJ Afro akapata jina Kenya kwa kutafsiri filamu za kigeni. Nyuso za waigizaji zilikuwa wazi kwenye kioo, sauti zao zikisikika. Kama asilimia 93 ilikuwa imeshafika, watu walikuwa wakilipia nini kwenye mabanda ya video?

Uso na sauti vina kazi kubwa, hilo halibishaniwi. Kinachokataliwa ni kuvipimia kwenye mizani ya duka, halafu kutumia uzito huo wa kubuni kuwahukumu watoto wa watu.

Na namba hii haisafiri peke yake. Hubeba dawa yake kibindoni. Dawa inaitwa mfungo wa simu. Zikusanyeni simu, zifungieni kabatini siku kadhaa, na mazungumzo yatarudi yenyewe. Wenye kusoma kidogo hutaja utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014, ambamo wanafunzi 51 wa darasa la sita walikaa kambini siku tano bila kioo cha aina yoyote, na wakatoka wakizitambua hisia za watu kwenye picha na video vizuri zaidi kuliko wenzao 54 waliobaki na maisha yao ya kawaida. Utafiti ni wa kweli. Lakini watoto wale hawakunyang'anywa simu tu: walipelekwa porini pamoja na wenzao, wakawa pamoja kutwa siku zote hizo. Kilichowafaa ni kukosa kioo, au ni kuwa pamoja? Utafiti ule hauwezi kuvitenganisha, na mzazi anayemfungia kijana simu na kumwacha peke yake chumbani amechukua nusu ya dawa isiyo na uhakika.

Pemba, kuliko mahali pengi, haina sababu ya kuamini kwamba simu ndiyo iliyofundisha watu kunyamaziana. Baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa 1995 kisiwa kiliingia katika kususiana ambako waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kusimuliwa. Wafuasi wa vyama vya CUF na CCM waligomeana maduka, wakakosana harusini, na kuna mahali hawakuzikana. Watu wa ukuta mmoja walionana kila alfajiri, uso kwa uso, bila salamu. WhatsApp ilianza 2009, na ni mwaka huo huo, tarehe 5 Novemba, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walipokutana Ikulu ya Zanzibar na kufungua njia ya Maridhiano ya pande hizo mbili na kura ya maoni ya Julai 2010. Kisha uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ukafutwa, ukarudiwa Machi 2016, na kususiana kukarudi Pemba, safari hii simu zikiwa mikononi. Kisiwa kimenuna bila simu na kimenuna na simu. Anayetafuta aliyeua maongezi aanze kwingine.

Wala kuwasiliana kwa maandishi si ugeni ulioletwa na bando. Kamange na Sarahani, washairi wakubwa wa Pemba wa karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, walijibizana kwa beti, na hakuna aliyesema wamepoteza ubinadamu.

Sasa, je, kuchati hakubadilishi chochote? Kunabadilisha, tena pakubwa, ila si pale wanapopatazama.

Mtu akae barazani Konde baada ya alasiri, upande wa sokoni, kabla barabara haijashika njia ya msitu wa Ngezi na Kigomasha. Asitazame nyuso, asikilize vipande vidogo. Mmoja anasimulia habari ya deni: "Yule bwana kasema hatolipa..." Mwenzake anainua nyusi: "Hatolipa?" Msimulizi anajirudi hapo hapo: "Hatolipa mwezi huu, nasema. Mwezi ujao atalipa." Wengine wanaitikia "ewaa", "enhe", na habari inaendelea. Kosa lilizaliwa, likaonekana na likatengenezwa kabla sentensi ya tatu haijaanza. Hakuna aliyelikumbuka baadaye.

Hiyo ndiyo injini ya mazungumzo. Utafiti wa lugha kumi uliochapishwa 2009 ulikuta kwamba pengo kati ya mtu kumaliza swali na mwenzake kuanza kujibu ni kama sehemu ya tano ya sekunde, kwa wastani. Mwingine wa lugha kumi na mbili, wa 2015, ulikuta kwamba watu wakizungumza husimamishana kuulizana "nini?", "nani?", "umesemaje?" karibu mara moja katika kila dakika moja na nusu. Kutoelewana ni jambo la kila wakati. Kuongea ana kwa ana hakutuzuii kukosea. Kunafanya marekebisho yawe rahisi na ya haraka.

Sentensi ile ile ikaandikwe kwenye grupu la ukoo: "Kasema hatolipa." Nyusi ya kuinuliwa haipo. Mwenye kuandika ameweka simu mfukoni, yuko njiani kwenda msikitini. Ukoo mzima umesoma, tiki zimegeuka buluu, anayedai amepiga skrinshoti, na kabla ya Magharibi imeshafika Wete na Maskati. Marekebisho yatakuja, lakini yatakuja kesho, na yatamkuta kila mtu ameshachukua upande.

Kibaya zaidi, mwandishi hajui kwamba hajaeleweka. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao waliwataka watu watume sentensi, nyingine za kweli, nyingine za kejeli, kwa barua pepe au kwa sauti. Watumaji waliamini wataeleweka mara 78 katika 100, kwa njia zote mbili. Kwa sauti walieleweka kama mara 73. Kwa maandishi, 56, yaani wapokeaji hawakuwa mbali sana na kurusha shilingi. Aandikaye huisikia sauti yake kichwani na kudhani imetumwa pamoja na herufi.

Ndipo mama anapoandika aya nzima kumwambia mwanawe wa Dubai kwamba baba alilala na homa, sasa ana nafuu, wajomba wamekuja kumtazama, naye anajibiwa: "Sawa." Kijana yuko kazini, ameshukuru moyoni, ameahidi nafsi yake kupiga usiku. Mama ana herufi nne, na kutwa nzima anajiuliza amemkosea nini. Hapo hakuna aliyeharibika tabia. Ni jibu lililotakiwa kufuatwa na "eti, unasemaje?" na halikufuatwa.

Kuna jambo ambalo walalamikaji hulipita. Tangu WhatsApp ilipoweka ujumbe wa sauti, mwaka 2013, watu wengi wa Pemba wasiopenda kuandika, wazee khasa, wamerudi kusema. Bibi anashika simu karibu na mdomo, anaanza na salamu alekum, anauliza hali za wote kwa majina, kisha ndipo anaingia kwenye haja yake, kwa Kipemba chake chote. Utafiti wa Michael Kraus wa 2017 uliona kwamba watu husoma hisia za wenzao kwa usahihi zaidi wanaposikia sauti peke yake kuliko wanapopata sauti na picha pamoja. Hapo ile 55 ya uso inabaki uchi kabisa.

Basi, la kufanya, kwa haraka, kwa kuwa nafasi imeliwa na ile namba. Bei, saa, namba ya gari, orodha ya vitu vya duka: andika. Homa ya baba, kuchelewa kwa pesa, kumkataza mtu jambo: sema, kwa simu au kwa voisi, na usiseme ukiwa na hasira. Posa, deni lililozua maneno, ugomvi wa shamba, msiba: nenda kwa miguu yako, au mtume mtu mzima. Ukisoma ujumbe ukakukera, uliza "ulikusudia nini?" kabla ya kujibu, wala usiulize kwenye grupu. Chakulani simu iwekwe mbali. Jaribio la mkahawani lililochapishwa 2018, lenye watu zaidi ya 300, lilionyesha kwamba waliokula na simu mezani walifurahia kuwa pamoja kidogo pungufu. Kidogo, si asilimia 93. Salamu isikatwe, hata kwenye maandishi. Sekunde nne hazimalizi bando. Na wanaoulizia tiki za buluu, zinazimwa kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp. Kwenye magrupu hazizimiki, na alama ya kwamba voisi imesikilizwa nayo haizimiki.