Ofa Ikiharibika, Anza na Waliolipa

Ofa ya mtandaoni huleta balaa kwa sababu mteja hulipa kabla ya kuona rafu. Tuseme mwenye duka la viatu mjini Kakamega anabandika Facebook picha ya raba za shilingi 900 badala ya 1,500, na chini yake namba ya kulipia kwa M-Pesa. Stoo ana jozi 40. Kufikia usiku picha imezunguka vikundi vya WhatsApp vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, imefika Mumias na Malava, na malipo 70 yameingia. Watu 30 wamelipia viatu ambavyo havipo.

Hapo wengi hufuta tangazo, hufunga maoni na kuzima simu. Kosa hilo ni kubwa kuliko lile la hesabu. Mteja ana ujumbe wa M-Pesa wenye jina la biashara, kiasi, tarehe na saa. Akiona tangazo limetoweka ataubandika ujumbe huo kila mahali, na duka litaitwa la matapeli kabla hapajakucha.

Tangazo libaki, liandikwe juu yake kwamba ofa imefungwa. Kisha watafutwe wale 30, mmoja mmoja, kabla hawajaanza kuuliza: “Habari ya jioni, dada. Raba ulizolipia zimekwisha. Tulipokea malipo mengi kuliko mzigo tuliokuwa nao, na kosa ni letu. Shilingi 900 zako tunazirudisha leo kabla ya saa tatu usiku. Kama ungependa kungoja, mzigo mwingine unafika Alhamisi na bei yako ni ile ile. Utatuambia.” Asiyejibu arudishiwe pesa zake, na gharama ya kuzituma ibebwe na duka. Kumwambia achague bidhaa nyingine ya bei hiyo, bila kumpa nafasi ya kurudishiwa, ni kumlazimisha kununua asichokitaka.

Hata makampuni makubwa huteleza hapa. Mei 2009, KFC ya Marekani ilitoa kuponi ya mlo wa bure kupitia tovuti ya Oprah Winfrey. Watu walichapisha kuponi kwa mamilioni, mikahawa ikalemewa, mingine ikakataa kuzipokea. Rais wa kampuni aliomba radhi kwa video na kuahidi mlo huo siku nyingine, lakini mteja alitakiwa kujaza fomu kwanza. Radhi ilikuwa njema. Fomu, kwa maoni yangu, ilimtwika mteja mzigo wa kosa lisilo lake.

Nchini Kenya jambo hili si la hisani tu. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa kwa maslahi yake ya kiuchumi, na inaliagiza Bunge kutunga sheria ya matangazo ya haki na ya kweli. Sheria ya Kulinda Watumiaji ilipitishwa 2012, na malalamiko hupokewa na Mamlaka ya Ushindani.

Wapo pia wasiolipa kwa simu: mama aliyepanda matatu kutoka Butere na picha ya ofa mkononi, akakuta rafu tupu. Kama tangazo halikutaja idadi, auziwe raba nyingine ya thamani ile ile kwa shilingi 900. Asipoipenda, arudishiwe nauli.