Methanoli

Bila shaka umewahi kuona moshi ukitoka katika tanuri la mkaa. Ndani ya moshi huo mna mvuke wa maji na mivuke ya vitu vingine vingi. Kimojawapo ni methanoli, ambayo ni alkoholi ya viwandani.

Jinsi inavyotengenezwa

Zamani watu wa Ulaya walitia magogo katika vyombo vya chuma, wakavifunga ili hewa isiingie, kisha wakayapasha moto. Mvuke uliotoka ulipitishwa katika mabomba yaliyopozwa, nao ukageuka kimiminika. Kutokana na kimiminika hicho walipata methanoli, wakaiita spiriti ya mti.

Mwaka 1923 kiwanda cha Leuna, nchini Ujerumani, kilianza kuitengeneza kwa wingi kutokana na gesi. Siku hizi viwanda vingi hutumia gesi asilia. Gesi hiyo huchanganywa na mvuke wa maji na kupashwa joto kali. Hapo hupatikana haidrojeni na monoksidi ya kaboni. Gesi hizi hushindiliwa kwa nguvu na kupitishwa penye shaba iliyotayarishwa maalumu. Zikiungana, huwa methanoli.

Matumizi yake

Methanoli hutumika kutengeneza gundi ya kubandikia mbao nyembamba, plastiki, na rangi za kupaka. Pia huweza kuendesha mitambo. Katika nchi nyingi hutiwa ndani ya spiriti ya kuwashia taa ya karabai, ili spiriti hiyo isinywewe.

Hatari zake

Methanoli ni safi kama maji. Harufu yake yafanana na ile ya alkoholi iliyomo katika pombe. Kwa hiyo macho na pua haviwezi kuitambua. Hushika moto upesi, na mwali wake ni hafifu hata mchana hauonekani vizuri.

Mtu akinywa methanoli, ini huigeuza kuwa asidi fomiki. Asidi hiyo imo pia katika majimaji ya sisimizi wekundu waitwao majimoto. Mwilini mwa binadamu huharibu neva za macho. Mililita 10 tu, yaani vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofusha mtu kabisa. Mililita 30 zaweza kumwua. Mara nyingi dalili hukawia saa nyingi, na mnywaji hudhani kuwa yu mzima.

Mwezi wa Novemba 2000, mjini Nairobi, Kenya, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walipofuka.

Mtu aliyekunywa methanoli apelekwe hospitali mara moja, hata kama hajisikii vibaya. Daktari anazo dawa za kuizuia sumu hiyo, lakini hufaa zaidi zikitolewa mapema.

Kumbuka: usitie spiriti katika chupa ya soda au ya maji. Iache katika chupa yake yenye jina, mbali na moto na mbali na watoto. Usionje kamwe kimiminika usichokijua.

Maswali

1. Kwa nini methanoli iliitwa spiriti ya mti?
2. Taja vitu vitatu vinavyotengenezwa kwa methanoli.
3. Kwa nini mtu aliyekunywa methanoli asingoje mpaka aumwe?
4. Chunguza nyumbani: spiriti na mafuta ya taa huwekwa katika chupa gani?